Vitu Sitini na Kimoja vya Bi Semeni

Nchi inayosemwa hapa iko mbali, na mtu akiona inafanana na yake, hilo ni suala la macho yake, si la msimulizi. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja ya lami inayotoka uwanja wa ndege mpaka Ikulu, na ina Mamlaka ya Matumizi Sahihi ya Vitu, ambayo nchi nyingine zote bado hazijaipata.

Mamlaka hiyo ilizaliwa siku ya Jumanne. Mheshimiwa Mkuu wa nchi alikuwa akizuru mikoa, na katika kijiji kimoja akamwona kuku amelala ndani ya kofia ngumu ya ujenzi. Kofia ilikuwa ya njano, na ubavuni iliandikwa jina la Mkuu mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewagawia vijana wa ujenzi kofia elfu kumi, kabla ya ujenzi wenyewe kupatikana. Kuku alikuwa ametaga mayai saba. Mkuu akamtazama kuku, kuku akamtazama Mkuu, na waliokuwepo wanasema kuku hakuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Mkuu alirudi mji mkuu bila kuhutubia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wiki ile ile ikapitishwa sheria kwamba kila kitu kilichotengenezwa kina kazi moja tu, nayo ni ile aliyokuwa nayo akilini fundi aliyekitengeneza. Kijiko ni cha kulia. Chupa ni ya kutilia. Anayetaka kukitumia kitu kwa kazi nyingine aombe kibali kwa kamati, na kamati hukaa kila baada ya miaka miwili, viti vikipatikana.

Wananchi waliipokea sheria hiyo kwa shangwe, kama walivyoagizwa.

Kibwana Mgaza alikuwa Mkaguzi Daraja la Tatu katika Mamlaka hiyo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mwenye shati la kola ngumu na viatu viwili tu, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, vyote vinang'aa. Mkewe alifariki miaka sita nyuma, na tangu hapo chumba chake kilikuwa na utulivu wa ghala. Kila kitu kilibandikwa karatasi yenye kazi yake. Juu ya kitanda: KULALIA. Juu ya mlango: KUPITIA. Hakuwa mnafiki hata kidogo. Aliwahi kujishtaki mwenyewe kwa kujikuna mgongo kwa rula, akajiandikia barua ya onyo, akaisoma kwa uchungu, akaitia kwenye jalada lake.

Basi asubuhi moja akaitwa na Mkurugenzi, Dokta Ngwali, mtu mnene mwenye sauti ya kuzindulia miradi. Dokta Ngwali hakuwahi kuzungumza na mtu mmoja. Hata mkiwa wawili ofisini, alihutubia.

"Taifa lisilojua kijiko chake ni cha nini," alisema, akiwa amesimama, "haliwezi kujua kesho yake ni ya nini." Akanyamaza ili makofi yapite. Kibwana akapiga makofi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuyapiga.

Kisha Mkurugenzi akamsukumia rundo la barua. Zilikuwa thelathini, zote kwa mwandiko mmoja, zimesainiwa "Sisi Wananchi Wenye Uchungu," na zilitoka katika mji mdogo wa Songoro. Zilimlalamikia fundi cherehani mmoja, Bi Semeni Kaunga, kwamba nyumbani kwake hakuna kitu kinachofanya kazi yake. Mwandishi alieleza kwa kirefu kwamba tangu mama huyo aanze tabia zake, mji mzima umeacha kununua vyombo vipya, na ingawa hakujitaja, karatasi za barua zilikuwa na muhuri wa duka la vyombo la Songoro.

Dokta Ngwali akasema Mkuu mwenyewe ameisikia habari hiyo. Mwezi ujao angekwenda Songoro kuzindua kampeni ya kitaifa, na mbele yake ingesikilizwa kesi ya mfano. Kazi ya Kibwana ilikuwa kwenda kukusanya ushahidi. Akiikamilisha vizuri, Daraja la Pili lilikuwa linamsubiri. Alikuwa akilisubiri Daraja la Pili kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo aliposikia kwamba sasa lenyewe ndilo linalosubiri, aliinyoosha kola yake.

Akafunga Daftari la Ukaguzi nyuma ya pikipiki ya Mamlaka, akatia kwenye begi lakiri za kufungia vielelezo pamoja na stepla yake, akaenda Songoro.

Nyumba ya Bi Semeni ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, na haikuhitaji kuulizwa. Juu ya paa palikuwa na mfuniko wa sufuria uliofungwa kwenye fimbo ya pazia, umeelekezwa upande wa mji mkuu, na kutoka ndani redio ilisikika safi kuliko redio ya Ikulu. Uani palikuwa na mchicha ulioota ndani ya tairi, nao umefunikwa chandarua. Kuku walikuwa wakinywa maji kwenye kioo cha taa ya gari. Kibwana alisimama langoni na kuhisi kile anachohisi mwindaji aliyetumwa kutafuta digidigi mmoja akakuta kundi zima limelala.

Bi Semeni alitoka na tepu ya kupimia shingoni. Alikuwa mama wa miaka kama arobaini na minane, mfupi, mwenye macho ya mtu anayepima kila anachokiona. Alimpima Kibwana kuanzia mabegani mpaka kwenye viatu, akamkaribisha, akampa stuli akae. Kibwana alikagua kwanza chini ya stuli ile. Ilikuwa ndoo ya rangi iliyofungwa mto juu. Akakataa kukaa, akafungua daftari.

Kazi ilichukua siku nzima. Kila alipokishika kitu, aliuliza ni cha nini, na mama yule alijibu bila kuficha, kwa uungwana uleule ambao mtu humweleza mgeni njia ya kwenda sokoni. Spoku za baiskeli zilichoma mishikaki. Chupa ya soda ilisukuma chapati. Pasi ya mkaa, ikishanyoosha nguo za watu, ilipasha moto chapati hizo hizo. Soksi ilichuja chai, na alisisitiza kwamba ilikuwa mpya. Kandambili zilizochakaa zilikatwa zikawa vishikio vya masufuria, na mswaki wa zamani ulisafisha meno ya cherehani.

"Na hii?" Kibwana akauliza.

"Sindano, kaka."

"Ya nini?"

"Ya kushonea."

Alipata faraja kidogo, akaandika. Kisha kwa uangalifu wa kazi akauliza kama imewahi kufanya jambo lingine lolote. Bi Semeni akafikiri kwa uaminifu.

"Jana imetoa mwiba kwenye kisigino cha mama muuza maandazi."

"Kwa hiyo jana haikushona."

"Mwiba ulikuwa haushoneki, kaka."

Kibwana akaifunga sindano kwenye bahasha, akatia lakiri, akaandika: Kielelezo namba kumi na nne. Jioni ilipoingia alikuwa amefikisha sitini. Cha sitini na kimoja kilikuwa kimeegeshwa nyuma ya choo, nacho kilimfanya avue miwani na kuivaa tena.

Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe, cha aina ile inayokodishwa kwenye arusi. Kilifungwa kwa bolti juu ya fremu ya mkokoteni wa maji, mbele kikawekewa gurudumu la baiskeli, nyuma vishikio viwili vilivyovishwa mpira, na mahali pa miguu kipande cha ubao. Bi Semeni akamweleza kwamba hicho si chake peke yake, ni cha mtaa. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya korongo, gari halifiki, na machela ya serikali ilifungiwa stoo kwa kuwa funguo zilikwenda semina na aliyekuwa nazo. Akina mama kumi na tisa walikuwa wamepelekwa kujifungua kwa kiti kile. Alitaja majina ya watoto wote kumi na tisa.

Kibwana aliandika: *Kiti. Kazi: kukalia. Kosa: kinatembea.* Akafunga gurudumu kwa lakiri nyekundu, akamwambia Bi Semeni, kwa sauti aliyojaribu kuifanya ngumu, kwamba atakayevunja lakiri hiyo atakwenda Chuo cha Urekebisho kwa miaka minne. Kabla hajaondoka alimuuliza jambo ambalo halikuwa kwenye fomu. Alitaka kujua haya yote anayatoa wapi.

Mama yule alionekana kuona haya. Alisema hatoi popote. Anapokosa kitu fulani hukaa akakitazama kilichopo, akakigeuza, akakitazama tena, mpaka kitu chenyewe kikubali. "Aliyekitengeneza alijua jambo moja," alisema. "Mimi ndiye ninayeishi nacho."

Kibwana hakuliandika hilo, kwa kuwa hapakuwa na safu yake.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kibwana alikuwa barazani kwa Bi Semeni akinakili orodha mara ya tatu, kama kanuni zinavyotaka, alipofika mwanamume mmoja amelowa chapachapa. Hakumsalimia mtu. Alisema mkewe, Mwantumu, ameanza uchungu tangu usiku, na mkunga amekataa kumgusa, amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe zahanati. Kisha akageukia kiti nyuma ya choo, akaiona lakiri nyekundu kwenye gurudumu. Akamtazama Kibwana. Bi Semeni naye akamtazama. Hakuna aliyemwomba lolote, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi, kwa sababu ombi angeweza kulikataa kwa maandishi.

Kibwana alifungua kitabu cha sheria. Alikisoma ukurasa kwa ukurasa huku mvua ikipiga bati, na yule mume amesimama mlangoni anachuruzika maji. Kiti, ilisema sheria, ni chombo cha kukalia. Alisoma tena. Haikusema kiti kiwe wapi wakati wa kukaliwa. Haikusema kwamba mahali hapo pasibadilike.

"Huyo mama," aliuliza taratibu, "atakaa?"

"Hawezi kusimama, bwana," alisema mume.

"Basi atakuwa amekaa," Kibwana akasema. Akakata lakiri kwa wembe.

Walimpitia Mwantumu kwake, wakamkalisha, wakaenda, mume na Bi Semeni wakisukuma, Kibwana ubavuni. Njia ya korongoni ilikuwa tope jekundu, na kwenye mteremko kiti kilitaka kutangulia peke yake, Kibwana akakishika mguu wa mbele akarudi kinyumenyume mpaka chini, viatu vyake vinavyong'aa vikipotea kimoja baada ya kingine. Mvua ilimpiga Mwantumu usoni. Bila kufikiri, Kibwana alifungua Daftari la Ukaguzi katikati, akamfunika nalo kichwa, akatembea hivyo mkono ukiwa juu mpaka ng'ambo. Walipofika zahanati wino wa vitu sitini na kimoja ulikuwa umemtiririkia hadi kwenye kiwiko.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, akiwa na hasira. Kibwana alikaa kwenye benchi la wagonjwa, miguu mitupu, akitetemeka. Bi Semeni akamletea chai kwenye kopo la jemu. Aliipokea kwa mikono miwili, akainywa, na alipoimaliza ndipo alipogundua kwamba hakuuliza kopo lile ni la nini.

Lakini alikuwa mtumishi wa serikali, na mwili ulipopata joto utumishi ulimrudia. Aliketi akaandika orodha upya, kwa kumbukumbu, kila kosa ukurasa wake. Ilipofika zamu ya kiti alikaa na kalamu kwa saa nzima. Mwishowe akaandika kama alivyoandika mwanzo, akatia lakiri mpya. Bi Semeni alimwona akifanya hivyo, asimlaumu. Alimwambia tu kwamba kola yake imefumuka na kwamba sindano yake ingeimaliza kola hiyo kwa dakika mbili, ila iko kwenye bahasha.

Siku ya Mkuu ilifika. Songoro ilipakwa chokaa upande unaoonekana kutoka barabarani. Jukwaa lilijengwa mbele ya mashine ya kusaga, likavikwa pazia la nyuma, na mbele yake vikapangwa vielelezo sitini na kimoja kwenye meza ndefu, kila kimoja na lakiri yake, vikilindwa na Dokta Ngwali mwenyewe. Hakimu alikaa kulia. Bi Semeni aliwekwa kwenye kizimba kidogo kushoto, karibu na pazia. Kibwana alisimama kando yake ameshika hati ya mashtaka mkono mmoja na stepla mkono mwingine, maana kurasa zilikuwa sitini na moja na zilikuwa hazijamaliza kubanwa.

Mkuu aliingia kwa ngoma. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, iliyoshonwa ng'ambo na fundi ambaye, inasemekana, alimpima Mkuu miaka mingi nyuma na hakuarifiwa kuhusu yaliyotokea tangu hapo. Ratiba ilimtaka akate utepe. Mkasi ulilala kwenye sinia, na sinia lilishikwa na binti mfupi. Mkuu akainama. Sauti iliyosikika ilikuwa ndogo, kama karatasi inayochanwa kwa adabu, lakini Mkuu alinyooka ghafla, mikono nyuma, uso wake umekuwa wa sanamu.

Dokta Ngwali ndiye aliyeelewa kwanza. Akaiamuru bendi ipige wimbo wa taifa, ili watu wote wasimame na kuitazama bendera, na katika ubeti wa kwanza Mkuu akasogezwa kinyumenyume hadi nyuma ya pazia.

Huko kikafanyika kikao cha dharura. Kibwana, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka pale, alisikia kila neno. Suruali ilikuwa imepasuka kutoka kwenye mkanda mpaka mahali pasipotajwa katika kumbukumbu za serikali. Katibu mmoja alipendekeza pini. Ikaangaliwa kwenye daftari la usajili wa vitu, ikaonekana pini imesajiliwa kwa nepi za watoto, na kikao kikaona kumvisha Mkuu kitu hicho kungeleta tafsiri. Mwingine alipendekeza kanga, akaombwa aondoke. Sindano ndiyo iliyokuwa sahihi, imesajiliwa kushonea, hakuna ubishi. Lakini sindano pekee iliyopatikana Songoro nzima, baada ya ukaguzi makini wa Mamlaka, ilikuwa Kielelezo namba kumi na nne, na kielelezo hakifunguliwi mpaka hukumu itolewe. Hakimu akaombwa atoe hukumu haraka. Hakimu akajibu kwa heshima kwamba hawezi kuanza kesi kabla Mkuu hajaketi. Mkuu hawezi kuketi kabla suruali haijashonwa.

Wimbo wa taifa ukaanza mara ya nne. Uwanjani wazee walianza kuyumba, na mpiga tarumbeta akaweka mkono kifuani. Kila mmoja nyuma ya pazia alimtazama mwenzake, na kila mmoja aliona wazi kwamba atakayependekeza lolote sasa atakuwa amependekeza kosa mbele ya Mkuu.

Bi Semeni aliegemea ukuta wa kizimba. Midomo yake haikuonekana kusogea.

"Kaka," alisema polepole, "hicho ulichoshika kinauma kurasa sitini. Kitambaa cha suti ni chepesi kuliko hizo."

Kibwana alikitazama kilicho mkononi mwake. Alikuwa nacho kwa miaka kumi na minane. Chini yake alikuwa amebandika kikaratasi, KUBANIA KARATASI, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akakigeuza. Akakitazama tena. Moyo ulimdunda kama aliyeitwa jina lake mahali asipofahamika. Halafu akaweka hati ya mashtaka chini, akainua pazia, akaingia.

Alimkuta Mkuu amebandika mgongo ukutani, peke yake kati ya watu kumi na wawili. Kwa mbali, machoni, alifanana na mtu yeyote ambaye suruali imempasukia. Kibwana akaomba radhi, akamsihi augeukie ukuta, akapiga magoti nyuma yake.

"Una kibali?" Mkuu akauliza, bila kugeuka.

"Sina, Mheshimiwa."

Wimbo ulifika kwenye kiitikio.

"Endelea," Mkuu akasema.

Zilikwenda pini kumi na nne, kutoka chini kwenda juu, nadhifu, zikiwa na nafasi sawa. Dokta Ngwali na wenzake waligeukia ukuta ili wasiwe mashahidi. Mkuu akatoka, akakata utepe, akahutubia kwa saa tatu juu ya nidhamu ya vitu, na kwa kuwa yeye hakuketi, hakuna aliyethubutu kuketi. Kesi ikaahirishwa mpaka wiki ijayo. Wanaosema wanasema Mkuu aliketi mara moja tu siku ile, alipoingia kwenye gari lake, na dereva hajawahi kurudia neno alilolisikia.

Sasa mtihani ukawa mbele ya Mamlaka. Mkuu hawezi kuwa amevaa kosa. Hilo lilikuwa dhahiri, na wataalamu hawakupoteza muda nalo. Kama Mkuu hakuvaa kosa, basi stepla si kosa kwenye suruali; na kama kila kitu kina kazi moja tu, basi kazi ya stepla ni suruali, na imekuwa hivyo siku zote. Amri ilitoka Ijumaa. Ilieleza kwamba utafiti wa kina umebaini aliyebuni stepla alikuwa fundi nguo mwenye aibu, na ikaonya kwamba kuanzia sasa yeyote atakayeonekana akiitumia kubania karatasi atashtakiwa, pamoja na karatasi zenyewe.

Jumatatu yake serikali iliamka ikiwa na majalada milioni mbili ya hatia. Maofisa walikaa sakafuni wakizing'oa pini kwa kucha, kwa kuwa kifaa cha kung'olea pini kilikuwa kimesajiliwa kwa ajili ya karatasi, na sasa haikujulikana ni cha nini. Madirisha ya wizara yalifungwa kwa sababu ya upepo. Hata hivyo bajeti ya afya ilichanganyika na ratiba ya mbio za mwenge, na kwa mara ya kwanza hospitali zikapata mafuta.

Hakimu alipoitisha hati ya mashtaka ya Bi Semeni, mwendesha mashtaka alisita. Hati ilikuwa imebanwa kwa stepla. Kuiwasilisha ilivyo ilikuwa kuwasilisha uhalifu mahakamani. Akang'oa pini mbele ya watu, na mlango ukafunguka, na upepo wa Songoro, ambao hauna adabu, ukapita. Kurasa sitini na moja zilipokusanywa na kusomwa kwa mpangilio mpya, mshtakiwa alionekana kushtakiwa kwa kuipanda sindano mpaka zahanati, kunywesha kuku kwa soksi, na kutoa kiti kwenye kisigino cha muuza maandazi. Hakimu alitafuta vifungu kwa nusu saa, hakuna kilichokataza hayo. Akamwachia huru, na vielelezo vyote vikarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu, safari mbili.

Kibwana hakuadhibiwa. Ilikuwa vibaya kuliko hivyo. Ilionekana kwamba katika utumishi wote wa umma yeye peke yake ndiye aliyewahi kuitumia stepla ipasavyo, kwa hiyo akarushwa madaraja mawili, akafanywa Mkuu wa Kitengo cha Stepla na Suruali. Alipewa ofisi yenye zulia. Alipewa stepla mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilikwenda makumbusho. Aliketi huko miezi miwili, akisubiri suruali. Hakuna suruali iliyoletwa, kwa sababu hakuna ofisa aliyetaka ijulikane kwamba yake imepasuka. Mchana alitazama zulia. Alianza kugundua kwamba zulia lile lingefaa kuzuia tope la mteremko wa korongoni, likikatwa vipande na kupigiliwa vigingi, na kila alipowaza hivyo alitazama mlangoni kama kuna mtu ameona.

Mwishowe akaandika barua ya kuacha kazi. Ilikuwa na kurasa mbili, na hapakuwa na njia halali ya kuziunganisha. Akaipunguza ikawa ukurasa mmoja. Akaisoma, akaona mengi yaliyomo si ya lazima, akaipunguza tena mpaka ukabaki mstari mmoja: *Nimechoka kuwa na kazi moja.* Akaiacha mezani. Akaondoka na zulia.

Bi Semeni alikuwa akikata kitambaa alipomwona langoni, begani amebeba bunda kubwa, kola imefumuka vilevile. Alimpima tena, kuanzia mabegani mpaka kwenye viatu. Kibwana alieleza habari ya zulia na mteremko, akaeleza vibaya, akarudia. Kisha akasema hana pa kurudi, na kwamba anajua kusoma, kuandika, na kubana suruali.

"Vua shati," akasema Bi Semeni. "Kwanza hiyo kola."

Mwaka uliofuata Mamlaka ilitanua shughuli zake. Vitu vilikuwa vimeshaandikishwa vyote, hivyo ikaonekana busara kuandikisha na watu, kila mmoja kwa kazi yake moja, ili kupunguza usumbufu. Mkaguzi mpya alitumwa Songoro, msichana nadhifu aitwaye Rukonge, mwenye fomu mpya na kalamu tatu. Alifika kwa Bi Semeni asubuhi ya jua kali. Uani alimkuta mwanamume mwembamba amelala chali chini ya kiti cha magurudumu, anakaza bolti kwa mpini wa kijiko. Kanga ilikuwa imefungwa kiunoni mwake, sindano imechomekwa kwenye shati, na kifuani mwake alikaa mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi, mtoto wa Mwantumu, akimtumia kama farasi.

Mkaguzi akamwandika Bi Semeni bila shida: fundi cherehani. Halafu akamwelekezea kalamu yule mwanamume.

"Na huyu je, mama? Ni wa nini?"

Bi Semeni aliacha kukanyaga cherehani, akamtazama Kibwana kwa muda, jinsi anavyokitazama kitu kabla hajakigeuza.

"Andika kwamba bado hatujamaliza kumjua," alisema. "Juzi tumegundua anaimba."